Nilisema jangwani hainyeshi, tukamzika mama mkwe bila mwanaye

Wakuu, wakubwa zangu shikamoo, wadogo marahaba hata kabla hamjaamkia.

Miaka yote humu mimi ni msomaji tu. Leo naandika kwa sababu nina hasira na sina wa kumwambia. Majina nimebadilisha. Mengine yote ni kama yalivyotokea, hata yale yanayoniaibisha mimi mwenyewe.

Juzi kwenye grupu la familia imerushwa video ya uwanja wa ndege wa kule Uarabuni, mji wa jangwani kabisa. Mvua imenyesha, ndege inakata maji kama boti. Watu wanacheka, wameweka vile vikatuni vya machozi. Wifi yangu naye kacheka. Wifi yule yule.

Mimi niliweka simu chini nikaenda kukaa jikoni.

Sasa turudi nyuma.

Ni miaka ya tisini, soko huria limeingia, tuko Mwanza, tumepanga chumba na sebule Igogo. Viwanda vya minofu ya samaki vimejipanga ufukweni, na kila mwanaume mwenye pasipoti anataka kwenda Uarabuni kuchukua mzigo. Mume wangu, nimwite Baba Editha, naye akaenda. Aliaga kwamba ni mwezi mmoja, anafuata vipuri vya magari.

Mwezi ukawa minane.

Aliniacha na mimba. Nikajifungua, mtoto akafikisha miezi sita, baba yake hajamwona. Mara tatu alipiga simu kwamba anarudi wiki ijayo. Mara tatu nilifua mapazia. Hakuja. Mara ya tatu sikuyafua tena.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimemaliza fomu foo, kazi yangu ni kukata minofu ya sangara kiwandani. Mabuti meupe, aproni, mikono imekufa ganzi kwa baridi. Maziwa yanavuja kifuani, na supavaiza anapita nyuma yako anaangalia kama umeacha mwiba.

Minofu ile ilikuwa inapelekwa Ulaya kwa ndege kubwa za mizigo. Tulizizoea zikipita juu ya mapaa yetu zimeelemewa. Sikuwahi kujiuliza zinapitia wapi. Naomba hilo mlishike, nitalirudia.

Aliyeniweka mjini ni mama mkwe. Alikuja kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, kunisaidia uzazi, akakaa. Mimi ni mtu wa Magu, nilidhani Wakerewe watanisumbua. Yule mama hakunisumbua hata siku moja. Nikienda shifti anabaki na mtoto, nikirudi nakuta maji ya moto. Jioni tunakaa mlangoni yeye na mimi, anamsema mwanaye vibaya ili mimi nisimseme. "Huyo kichwa chake kilitangulia kutoka, akili ikachelewa," hivyo ndivyo alivyokuwa akisema, na mimi nacheka.

Baba Editha ndiye mtoto wake pekee wa kiume.

Jumatatu moja mama akalalamika kifua. Tukampeleka hospitali. Jioni akawa amefariki.

Nilitoka pale na mtoto mgongoni na kanga za mama mkononi. Mji mzima sikuwa na mtu mwingine.

Simu zilikuwa za kutafuta enzi hizo. Sisi tulikuwa tunapokelea kwenye duka la vitambaa la Mhindi mmoja, mke wake tulimwita Mama Shabiri. Mama yule alinisaidia tukampata Baba Editha usiku ule ule. Alilia. Akasema atapanda ndege kesho, Alhamisi atakuwa Mwanza, msimzike mama bila mimi.

Nikasema sawa.

Jumanne meli ikawaleta wazee kutoka Nansio. Baba mkubwa, ambaye ni kaka wa marehemu baba mkwe, na wanaume wengine watano. Wifi yangu, dada yake Baba Editha, alikuja nao. Wakakuta nimeshafunga turubai, nimepika.

Tatizo likawa mwili. Jokofu la chumba cha maiti lilikuwa limekufa. Wakasema mwenye uwezo wa barafu alete.

Mimi ninayo barafu wapi? Kiwandani. Nikamfuata supavaiza, mwanaume mkali ambaye sikuwahi kumwomba hata dakika tano za kunyonyesha. Nikamwambia nina maiti. Akaniambia njoo alfajiri na magunia.

Kwa hiyo Jumatano alfajiri nilisukuma mkokoteni na magunia mawili ya barafu ya samaki kwenda kumlaza mama mkwe. Nilifanya hivyo kwa ajili ya mume wangu, ili amkute. Wala hakuna aliyenituma.

Jumatano hiyo hiyo, saa tano asubuhi, naitwa dukani. Simu.

Laini inakwaruza. Nasikia kelele za watu wengi nyuma yake.

"Mama Editha, niko uwanja wa ndege. Mvua imenyesha toka jana. Maji yameingia ndani mpaka kwenye kaunta. Hakuna ndege inayoruka."

"Mvua ya wapi?"

"Ya hapa. Waambie wanisubiri. Siku mbili tu, waambie..."

Ikakatika.

Nilisimama pale dukani kati ya majora ya vitambaa. Nje Mwanza inawaka jua, vumbi mpaka kwenye meno.

Mvua. Jangwani. Uwanja wa ndege umejaa maji.

Wakuu, nilikuwa na B ya jiografia. Mwalimu wetu alituchorea jangwa ubaoni, akatuwekea mishale ya upepo mkavu, akasema andikeni, hapa mvua haipo. Tukaandika. Nikaenda nayo kwenye mtihani nikafaulu. Halafu mwanaume aliyenidanganya mara tatu ananipigia simu mama yake akiwa kwenye barafu, ananiambia jangwani kuna mafuriko.

Nikaona kila kitu. Nikaona yuko kwa mwanamke. Nikaona mpaka rangi ya kanga ya huyo mwanamke.

Nilipofika nyumbani wazee walikuwa kwenye jamvi wananisubiri.

"Amesemaje?" baba mkubwa akauliza.

Nikawaeleza maneno yake kama yalivyo, sikuongeza wala kupunguza. Wifi yangu ndiye aliyeanza.

"Hata uongo una kiasi chake jamani. Mwambieni aseme basi na ngamia wamezama."

Watu wakacheka, msibani pale. Hata mimi nilicheka, kile kicheko cha uchungu.

Baba mkubwa hakucheka. Alinigeukia, tena kwa upole. "Mama Editha, sisi shule yetu ni ya kuhesabu nyavu. Hapa aliyesoma ni wewe. Hebu tuambie, mwanangu. Jangwani mvua inanyesha?"

Wanaume sita walinitazama. Mtoto ananyonya.

Nikasema, "Hainyeshi."

"Una hakika?"

"Baba, ndiyo maana pakaitwa jangwa."

Akapiga mikono yake magotini, akainuka. "Basi. Kesho tunavuka."

Ndivyo ilivyokwenda. Hakuna aliyepaza sauti.

Alhamisi alfajiri nikarudi kwa supavaiza kuomba barafu ya safari. Nilitaka magunia mawili. Akaniambia, "Chukua hata manne. Barafu leo ipo nyingi, hatupakii."

Nikachukua manne. Nikashukuru. Sikuuliza kwa nini hawapakii.

Swali dogo tu lile. Nimelitafuna miaka yote hii.

Tukavuka na meli ya Nansio. Jeneza tuliliweka nyuma, magunia juu na pembeni, turubai juu yake. Barafu inayeyuka, maji yananuka samaki, yanatiririka mpaka kwenye miguu ya abiria. Mama mmoja mchuuzi akanisogelea, akainama, akaniuliza kwa sauti ya biashara, "Mwenzangu, sangara hao wa kuuza?"

Nilimjibu tu, "Ni mama."

Akavua kanga ya kichwani akakaa chini karibu yangu mpaka Nansio. Ndiye mtu pekee aliyekaa na mimi msiba ule wote.

Kaburini ikafika zamu ya udongo wa kwanza, ambao ni wa mtoto wa kiume. Mtoto wa kiume hayupo. Wakasema Editha ni damu yake, aletwe. Baba mkubwa akamfungua mkono, akamwekea udongo, akamfumba vidole.

Mtoto wa miezi sita mnamjua. Akaupeleka mdomoni.

Nikamtoa udongo wa kaburi la bibi yake ulimini kwa kidole changu, watu wote wanatazama. Ule aliotema ndio uliodondoka shimoni.

Kiwandani nilikuwa nimepewa siku chache tu, kwa hiyo Jumamosi nikarudi Mwanza peke yangu na mtoto. Wifi akasema wazi kwamba sina uchungu. Nikamwacha aseme.

Nikapitiliza kazini moja kwa moja kutoka bandarini. Nakuta geti limefungwa, wanawake wamekaa nje kwenye nyasi wanasukana nywele.

"Hakuna kazi leo?"

"Kazi gani, toka Jumatano hatupakii. Chumba cha baridi kimejaa mpaka mlangoni."

"Kuna nini?"

Rafiki yangu Pili ndiye aliyenijibu, huku ana kitana mdomoni. "Ndege haijaja. Imekwama kule Uarabuni inakopitia. Eti mvua, uwanja wote maji. Supavaiza kasema hata taa za njia ya ndege hazionekani." Akacheka. "Jangwani, mwenzangu. Dunia imefika mwisho."

Nilimwomba anishikie mtoto. Nikazunguka nyuma ya ukuta, pale wanapomwaga magamba ya samaki, nikatapika.

Jumapili mchana Baba Editha akafika.

Alisimama mlangoni na begi moja. Suruali ina alama ya maji mpaka chini ya goti, na viatu vimekaukiwa na tope jeupe la mchanga. Mwanza hatuna tope la rangi hiyo.

Akamwangalia mtoto. Kisha akaangalia nyuma yangu, ndani.

"Mama wamempeleka wapi?"

"Tumemzika Alhamisi."

Akakaa kwenye kizingiti. "Niliwaambia mnisubiri."

"Wazee waliuliza."

"Waliuliza nini?"

Ningeweza kuwasukumia wazee. Sikuwasukumia. "Waliniuliza kama jangwani mvua inanyesha. Nikasema hainyeshi."

Akaniangalia. Hakuinua mkono, hakutukana. Alisema maneno mawili tu. "Nilikuambia inanyesha."

Kesho yake alivuka kwenda Nansio. Huko baba mkubwa akamwambia, na haya nayajua kwa sababu wifi alinihakikishia nimeyajua, "Sisi tulikuwa tayari kukusubiri hata wiki. Mkeo msomi ndiye aliyekata shauri."

Hapo ndipo hasira yangu ilipo mpaka leo, wakuu.

Wanaume sita wazima. Wamezika watu maisha yao yote. Wamekaa wanamngoja binti wa miaka ishirini na mbili, hajalala siku tatu, mtoto kifuani, aamue lini mama wa watu azikwe. Kisha wamebeba jibu lake wakalitumia kama ngao. Mbona siku nyingine zote shule yangu ilikuwa kiburi? Mbona kwenye kugawa nyavu za marehemu hawakuuliza msomi anasemaje?

Lakini nisijisafishe. Waliuliza, mimi nikajibu. Ningeweza kusema sijui. Neno hilo halikuwahi kufundishwa shuleni kwetu, na mimi nilitaka aonekane mwongo kwa sababu nilikuwa nimechoka kusubiri. B ya jiografia nilikuwa nayo, ila aliyejibu siku ile alikuwa mke mwenye hasira.

Hatukuachana. Tuna watoto wanne, tuna nyumba. Ila toka Jumapili ile Baba Editha hajawahi kunieleza sababu ya jambo lolote. Akichelewa, amechelewa. Akiumwa, namkuta kalala. Alifukuzwa kazi mwaka mmoja nikajua kutoka kwa majirani. Nikimuuliza ananiambia "wewe si unajua," anageukia dirisha. Hasemi kwa ukali. Ni kama anamjibu karani wa posta.

Ninyi mnaolalamika kwamba waume zenu wanadanganya, mimi natamani hata nidanganywe.

Sasa hiyo video.

Nilipotoka jikoni nilimkuta amekaa barazani. Nikasema potelea mbali. Nikamwekea simu mbele ya macho yake, nikabonyeza, nikasimama.

Akaangalia mpaka mwisho. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

Kisha akainama, akashika mguu wake chini ya goti, pale pale ilipokuwa ile alama ya suruali.

"Yetu yalifika hapa," akasema.

Nikamwambia, "Naamini."

Akatikisa kichwa kidogo. Nikadhani atanyamaza kama kawaida. Akasema tena, haniangalii, "Nilikuwa nimesimama juu ya begi. Kulikuwa na foleni ya simu."

Basi. Akarudisha simu, akaenda kufungia kuku.

Mimi nilibaki pale barazani. Sijalia miaka mingi, na sikulia. Nilikuwa nahesabu tu. Zile sentensi mbili za foleni na begi ndizo za kwanza alizonipa bila kuombwa tangu Editha alipokuwa ananyonya. Na huyo Editha sasa ana watoto.

Nilichojifunza ni kwamba ukiulizwa jambo la mtu ambaye hayupo, na una hasira naye, funga mdomo. Waambie sijui, waende wakaulize kwingine. Na nyie wazee wa koo mnaosoma humu kimya kimya, acheni kuyaficha maamuzi yenu nyuma ya watoto.

Sasa semeni ninyi. Matusi nayaruhusu, nimeyazoea. Ila aliyewahi kuishi na mtu aliyeacha kueleza, aniambie hili tu: hizo sentensi mbili nizishike nimuulize zaidi, au niziache kama zilivyo? Foleni ile ya simu ilikuwa ndefu kiasi gani, nataka kujua, na naogopa kuuliza.