Ufito Mlangoni

Juzi nilikwenda Wete kwenye arusi ya mjukuu wa ndugu yangu, nikapita mtaa wa maduka saa ya adhuhuri. Adhana ikalia, na mara nikasikia makufuli, kach, kach, mlango baada ya mlango. Kijana mmoja mwuza simu alifunga geti la chuma, akatia kufuli, akalivuta kuhakikisha, ndipo akakimbilia msikitini. Nikamwuliza, "Mwanangu, waogopa nini saa hizi?" Akacheka. "Bibi we, watu wa siku hizi huwajui!" Kweli siwajui. Lakini wa zamani niliwajua, na duka lile alilolifunga nililijua kabla mamake hajazaliwa.

Kaa basi nikuhadithie.

Mimi nililelewa na bibi mzaa mama, nyuma ya maduka hayo hayo. Wakati huo mtaa ulikuwa mtaa, si huu. Msimu wa karafuu ukiingia, majamvi yalitandazwa kila penye jua, harufu ikaingia mpaka ndani ya maji ya kunywa. Mwuza kahawa alipita akigonganisha vikombe vyake. Mpika halua alikoroga sufuria jasho likimtoka, na mdomo haumfungi kwa mizaha. Mbele ya kila duka palikuwa na baraza, na barazani palikuwa na watu, na kazi yao kubwa, Mungu anisamehe, ilikuwa kusema watu.

Na hakuna aliyefunga duka kwa ajili ya sala. Mwenye duka alikingamisha kitu mlangoni, akaenda zake. Mpika halua aliweka mwiko wake mrefu, fundi cherehani aliweka benchi. Ukikuta kitu kimekingama, ulijua mwenyewe hayupo lakini atarudi. Ukae barazani umngoje. Hakuna aliyevuka. Labda mbuzi wa jirani yetu tu, ambaye hakuwa na dini wala haya.

Mwuza nguo, ambaye duka lake ndilo hilo la kijana wa simu leo, aliweka ufito wake wa kupimia, juu ya vigoda viwili. Babu zake walitoka Manga, huko Uarabuni, lakini yeye alizaliwa hapo hapo Wete, na Kipemba chake kilikuwa kizito kuliko changu. Binti yake na mimi tulikuwa na jina moja, kwa hiyo tuliitana somo, kama ilivyo desturi yetu. Somo yangu alikuwa mbishi, mwepesi wa kucheka, na akishika jambo haliachi. Kila Sikukuu tulivaa magauni ya nguo moja, yaliyokatwa kwenye jora moja. Baba yake alitia mkasi kidogo ukingoni, kisha akapasua kwa mikono: chwaaa! Sauti ile niliipenda kuliko hata gauni lenyewe.

Mwaka ule wa mapinduzi tulikuwa tumeshachagua nguo ya manjano yenye maua mekundu. Kipande changu kikakatwa kwanza. Chake kilibaki kwenye jora, kwa sababu pale pale mwuza kahawa aliingia na habari kutoka Unguja, na watu wazima wakaanza kunong'ona. Sisi hatukuambiwa kitu. Tuliona tu mabaraza yakipungua watu.

Siku chache baadaye, adhuhuri, mwuza nguo alitoka na mkewe na somo yangu. Hawakubeba hata kikapu. Akaweka ufito juu ya vigoda kama kawaida, akamwambia bibi, aliyekuwa amekaa barazani, "Twenda mara moja, Bi Mkubwa. Utuangalilie hapa."

"Nendeni salama, baba," bibi akasema.

Somo akanikimbilia, akanishika mkono. "Somo, usishone yako mpaka nirudi. Tushone pamoja."

"Sishoni."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Wakaishia kwenye kona ya njia ya bandarini.

Ramadhani ikaingia. Kila siku bibi alifagia baraza ya duka lile, na ufito ukienda upande aliuweka sawa. "Wenyewe watarudi," akasema. "Si huu ungali mlangoni?" Watu walipita, wengine wana shida ya nguo kwelikweli, na hakuna aliyevuka. Na mchana, mtaa ukitulia, nilikuwa nikisikia ndani ya duka lile lisilo mtu: chwaaa. Siku moja nikamtazama bibi, naye alikuwa ameacha kufagia.

"Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, bibi."

"Nyamaza basi," akasema, akaendelea kufagia.

Sikukuu ikakaribia. Bibi akataka gauni langu lishonwe, nisije nikavaa kuukuu mbele za watu. Nikakataa, nikalia mpaka nikatapika. Nikavaa kuukuu.

Baadaye wakaja watu tusiowajua kulichukua duka. Mmoja akauruka ufito bila hata kutazama chini. Nikapiga kelele, "Wenyewe hawajarudi!" Bibi akaniziba mdomo kwa kiganja. Vigoda vikatupwa nje, na ufito juu yake. Kupitia mlangoni nililiona jora letu la manjano rafuni, limechanika pale nilipokatiwa mimi.

Bibi aliuokota ule ufito. Mpaka anakufa, akienda kusali aliukingamisha mlangoni petu, na mlango hakuufunga. Majirani wapya walidhani ana wazimu.

Mimi nimezaa, nimezeeka. Nimewauliza wengi. Kuna waliosema waliwaona Maskati. Wengine walitazama chini tu, na hao ndio walionitisha.

Siku ile ya arusi, kijana wa simu aliporudi kutoka kusali alifungua, akanikaribisha. "Ingia, bibi, mbona wasimama juani?" Nikatia mguu, nikaurudisha. Mlangoni hapakuwa na kitu, lakini mimi niliuona, wallahi niliuona. Nikakaa kwenye kipande cha baraza kilichobaki, nikangoja, kama tulivyofundishwa.

Kile kitambaa ninacho mpaka leo, ndani ya kasha, maua yamefifia. Mwaka jana mjukuu wangu alikitoa akajipima kifuani, akasema, "Bibi, hiki chanitosha gauni, nishonee." Nikamnyang'anya kwa ukali mpaka mtoto wa watu akalia. Nilimbembeleza, nikamnunulia kingine. Lakini hicho siwezi kukishona. Nilimwapia mtu, na bado hajarudi.