Jiko Lililofungwa kwa Kamba ya Mgomba

Mwanangu, kuna siku moja ambayo nikiikumbuka huacha ninachofanya, nikakaa chini kwanza. Si siku ya harusi yangu, wala si ile niliyomzika mke wangu. Ni siku mama mkwe wangu alipotembea kutoka Ihembe hadi kwangu Nyakasimbi, akakata kamba niliyokuwa nimefungia mlango wa jiko, akaanza kutoa vitu nje.

Nilikuwa bado kijana. Vile vita vikuu vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha juzijuzi, na chumvi ilikuwa imeanza kuonekana tena madukani. Mke wangu Paulina alikufa kwa homa wakati wa masika, akaniachia binti mmoja, Kokusima, ambaye meno ya mbele ndiyo kwanza yalikuwa yanang'oka. Siku za matanga wanawake wa jirani walitupikia uani kwa vyungu vyao, maana nilikuwa nimewaomba wasiliguse jiko la marehemu. Walipoondoka, kila mmoja na chungu chake kichwani, nilisokota kamba ya mgomba, nikaufunga mlango wa jiko, nikaingia nyumbani nikalala mchana kweupe.

Enzi zile mwanaume hakuingia jikoni, na ninyi mnaocheka chekeni tu. Jiko letu lilikuwa kibanda nyuma ya nyumba, kuta za fito na udongo, paa la nyasi lililoiva kwa moshi. Mimi nilikijua kizingiti chake tu, kwa sababu chakula kilitokea hapo. Watu wakiniuliza kwa nini nimelifunga, nilijibu kwamba mwanaume hana cha kufuata humo. Walikubali, nami nilifurahi kupata uongo unaokubalika. Ukweli ni kwamba asubuhi ile alipoanza kuugua, Paulina alikuwa amemenya ndizi na kuzipanga chunguni, hazikupata kuiva. Sikutaka kukiona chungu kile. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na maradhi yangu yalikuwa nyuma ya mlango ule.

Basi tukaishi hivyo, mimi na mtoto. Nilichoma ndizi uani asubuhi, tukala na majivu yake. Jioni Koku alikwenda kwa majirani, akakaa karibu na mlango wao mpaka atengewe chakula kwenye jani. Hakuwa akiomba. Alikaa tu. Nami nilijua, na nilijifanya sijui.

Nilikuwa mpweke, mwanangu, mpweke hasa. Nikipogoa majani makavu kibanjani, kwenye migomba yangu, nilijikuta nasema, "Hili nalo limekauka, Paulina," kisha nasubiri anijibu. Jua likishuka, kila boma upande wa pili wa bonde lilitoa moshi wake isipokuwa langu. Nilikuwa naingia ndani mapema ili nisiuone moshi wa wenzangu.

Ndipo siku hiyo nikasikia kikohozi cha mama mkwe njiani. Kwa desturi yetu, mkwe mwanaume na mama wa mkewe hawakutazamana usoni hata kidogo. Akija, mimi nilipisha, au nilimpa kisogo. Miaka yote ya ndoa yangu nilimjua kwa sauti, kwa kikohozi hicho, na kwa miguu yake, ambayo niliiona nikiwa nimeinamisha kichwa. Niligeuka nikautazama ukuta.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Baba Koku. Nimekuja kumchukua mtoto. Habari zimefika Ihembe kwamba mjukuu wangu anakula milangoni kwa watu, kama asiye na kwao."

Mtu hawezi kubishana na jambo analolijua. Nilifikiri tu kwamba Koku akienda, nitabaki na migomba, nayo haijibu.

"Lakini sitaondoka kabla ya kulifungua jiko la mwanangu," alisema. "Nenda ukakae nyuma yake, unijibu nitakachokuuliza."

Nilikwenda nikakaa chini, mgongo wangu ukiegemea ukuta wa jiko. Udongo ulikuwa umebanduka mahali pengi, kwa hiyo sauti ilipita kati ya fito bila shida. Nilisikia kisu kikikata kamba. Nilisikia panya wakikimbia. Halafu nyayo zake zikasimama, nami nilijua ameona kile chungu. Alikibeba mwenyewe hadi chini ya migomba, akakimwaga, akarudi.

Kisha akaanza. Alitoa kila kitu juani, mwanangu, kila kitu, hata mafagio yaliyokwisha. Paulina, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kutupa. Kulikuwa na vyungu vyenye ufa, vibuyu vilivyoliwa na wadudu, vikapu visivyo na kitako, makopo ya mafuta ya taa yenye kutu, na mtungi usio na mdomo. Kwenye kichanja juu ya moto kulikuwa na vitu vilivyoshikana kwa masizi hata havikujulikana ni nini. Mama mkwe alivitaja kimoja kimoja kupitia ukutani.

"Chungu hiki kidogo, chenye shingo. Alipikia nini?"

"Sijui, Mama."

"Na hiki kipana?"

"Sijui."

"Umekula humu miaka yote hiyo, hujui hata chungu kilichokulisha."

Aliyasema hayo bila ukali, na ndiyo maana yaliniuma. Angenifokea ningekasirika, nikapona haraka. Lakini kila alipotaja kitu cha kutupwa nilikuwa mwepesi wa kujibu, "Kiache, Mama, kilikuwa chake." Kopo la kutu, kiache. Kikapu kisicho na kitako, kiache. Mwishowe akachoka nami.

"Baba Koku, vyote vilikuwa vyake. Hata panya hawa wamenenepa kwa vitu vyake. Nao niwaache?"

Nilicheka, mwanangu. Sikuwa nimecheka tangu mazishi, na kicheko kile hakikufika mbali, kiligeuka kilio katikati. Upande wa pili nilisikia anakaa chini naye. Tulilia wote wawili, ukuta wa udongo katikati yetu, kila mmoja akijitahidi mwenzake asisikie, na kila mmoja akisikia. Hakukuwa na mtu mwingine duniani aliyemlilia Paulina kama sisi wawili, na hatukuruhusiwa hata kutazamana.

Alipotulia alisema, "Nilimfundisha mimi. Nilimfundisha kuweka, sikumfundisha kutoa. Kwangu pia kumejaa hivi hivi. Tangu afe sijagusa hata kibuyu alichochezea utotoni."

Kisha akanipa maneno ambayo nimeyashika mpaka leo. Alisema: chenye kazi kibaki mahali ambapo mkono unakifikia. Kisicho na kazi kwako, lakini kizima, mpe mtu mwenye moto wa kukipikia. Kilichokufa kizikwe, hata kuku hawana haja ya makopo yote hayo ya kunywea maji. "Na kimoja," alisema, "kimoja tu, kiweke cha kumkumbukia. Lakini kiwe kitu utakachokitumia kila siku. Kumbukumbu isiyoshikwa mkono huota ukungu."

"Nichague nini, Mama?"

"Ingia uchague mwenyewe. Mimi natoka."

Alitoka amejitanda shuka mpaka usoni, nami nikapita mlangoni nimeinama, kila mmoja akimpisha mwenzake kwa adabu zote. Jiko lilikuwa limefagiwa. Majivu ya zamani yameondolewa, mafiga matatu yamekaa wazi, chungu kimoja juu yake, mtungi wa maji pembeni, ungo na kata vimetundikwa. Sikujua kama jiko letu lilikuwa kubwa vile. Nilitazama huku na huku, nikakiona kisu cha kumenyea ndizi kimechomekwa kwenye fito. Mpini wake ulikuwa umelika upande mmoja, pale kidole gumba cha Paulina kilipokuwa kikikaa. Niliweka changu hapohapo. Hakikuenea vizuri, kidole changu ni kinene.

Nilipotoka, uani hapakuwa na mtu. Koku alikuwa amekwenda na bibi yake. Mkeka wake mdogo haukuwepo, wala gauni lake la kanisani. Hakuwa ameniaga, na sikumlaumu, mtoto huenda na anayemshika mkono. Wanawake wa jirani, walioitwa na mama mkwe, walikuwa wamekwisha kubeba vile vyungu vizima. Nilibaki nimesimama kati ya jiko tupu na nyumba tupu, kisu mkononi.

Ningeweza kulifunga tena. Kamba ilikuwa pale chini, imekatika lakini ndefu ya kutosha. Nakwambia kweli, niliiokota. Lakini kufunga jiko bovu ni jambo moja, na kulifunga jiko lililofagiwa na mwanamke mzee aliyefiwa ni jambo jingine, sikuwa na uso wa kulifanya. Niliitupa kamba, nikaenda kibanjani nikakata mkungu. Nikachukua kaa la moto pale uani nilipochomea ndizi zangu, nikaingia nalo jikoni, nikapiga magoti kama nilivyowaona wanawake wakifanya, nikapuliza. Moshi uliniingia machoni. Nikaanza kumenya. Utomvu ulinishika vidole, nusu ya ndizi ikaenda na maganda, lakini nilimenya mpaka chungu kikajaa, chungu cha watu wengi, kwa sababu sikujua kipimo cha mtu mmoja.

Nilikuwa naongeza maji mlango ulipoingia kiza. Nilitazama, ni Koku, mkeka wake kichwani na gauni lake kwapani.

"Mimi na Bibi tulikaa kule chini njiani," alisema. "Alisema tungoje kidogo. Halafu akaona moshi wetu, akasema nirudi."

"Yuko wapi?"

"Amekwenda kwao." Akatua mkeka, akachungulia chunguni. "Baba, hujakifunika kwa majani."

Akatoka kwenda kuyakata.

Mwanangu, nimezeeka sasa. Koku ameolewa Kyerwa, ana wajukuu, na mimi napika mwenyewe kwenye jiko ambalo vitu vyake unaweza kuvibeba kwa safari moja. Wanaonitembelea huniona maskini. Ninyi majiko yenu yamejaa: sahani za wageni wasiokuja, masufuria ya karamu zilizopita, vitu vya marehemu mnavyoogopa kuvigusa. Nakushauri hivi. Kabla ya masika toa kila kitu juani, ukishike mkononi, ujiulize kina kazi gani na ni ya nani. Cha mwenye kuhitaji mpelekee angali hai. Usiufungie msiba mlango ukadhani umeupumzisha. Ndani humo unazaa panya, na walio hai wanakula milangoni kwa watu. Na ukimwona mwenzako bomani mwake hamtoki moshi, usingoje akuite. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mama mkwe alikuja mara nyingi baada ya hapo. Tulizungumza kupitia ukuta ule ule, yeye jikoni, mimi nje, na alikuwa mtu wangu wa karibu kuliko wengi niliokula nao. Uso wake niliuona mara moja tu, siku ya maziko yake, desturi ilipokuwa haina tena wa kumlinda. Nilisimama pale muda mrefu mpaka wakanigusa bega. Ndipo nilipoona jinsi Paulina angezeeka.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu akujalie moto usiozimika na mtu wa kula naye. Na siku utakapobaki peke yako, maana kila mtu hubaki, akuletee mtu wa kukufungulia mlango.