Notere Asiye na Ndugu Mjini

Baba yangu alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kusalimiana na mtu bila kumuuliza ukoo wake. Ukimwamkia, yeye anataka kujua mama yako alizaliwa upande gani na bibi yako alizikwa wapi. Na kwetu Kalemie ukiuliza hivyo, undugu hauchelewi kupatikana. Wa Moba wameoa Kabimba, wa Kabimba wameoa Manono, na wale waliokuja na samaki kutoka mwambao wa kaskazini wameoa kila mahali. Tulikwenda sokoni na Baba kununua chumvi, tukarudi na mjomba mpya.

Tabia hiyo ilituchekesha mpaka Baba alipotaka kuandika wosia.

Ilianza kwa jirani yetu, fundi wa meli, ambaye alifariki ghafla. Kabla matanga hayajaisha, wapwa wake walishuka kutoka milimani, wakamtoa mjane nje pamoja na sufuria zake, wakafunga mlango kwa kufuli mpya. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya kwao, na ya Baba pia, kwa kuwa wote wawili walikuwa Watabwa: mali ya mwanamume inakwenda kwa watoto wa dada yake. Mama yangu alikuwa Mbembe, na wazazi wake walikuwa wamekwisha kufa. Matofali ya nyumba yetu waliyafyatua wawili, yeye na Baba, na nje ya nyumba ile hakuwa na pa kwenda. Shangazi yangu alikuwa na wana wenye afya nzuri, na yule mkubwa alikuwa ameanza kuyasifu sana mabati yetu.

Siku ile Mama hakula. Baba akamtuliza. Akamwambia kwamba serikali imetoa sheria mpya ya familia, na kwamba mtu akiandika wosia, mke wake hafukuzwi.

“Sheria iko Kinshasa,” Mama akamjibu. “Dada yako iko hapa.”

Basi ikabaki kujua nani ataandika. Baba alimtaja yule bwana wa barazani pa posta mwenye mashine ya kupigia barua. Mama akakataa katakata.

“Ule anaandikaka barua za kuomba kazi, na sijaona hata mumoja mwenye alipata kazi. Mimi nataka muntu mwenye alisomea.”

Mimi binti yao nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari na nilikijua Kifaransa cha ofisini, kwa hiyo Baba alikwenda nami. Tulianza kwa mtetezi mmoja wa mahakamani, mtu mzima mwenye diploma iliyotundikwa ukutani. Mama alikuwa amemwonya Baba mlangoni asiulize ukoo wa mtu, na Baba alijizuia kweli. Mtetezi ndiye aliyeanza. Alisikia lafudhi ya Moba, akauliza Moba ya wapi, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kuwatenganisha. Kabla chai haijapoa walikuwa wamefika kwa bibi mmoja, na mtetezi akasimama kumkumbatia Baba.

“Kumbe wewe njo yomba yangu,” akasema, yaani ndiye mjomba wake. Kisha akaiweka kalamu chini. “Lakini yomba, njo unapenda kunyima bapwa yako nyumba? Na mimi ni mupwa yako.”

Tukatoka. Wa pili alikuwa mwanasheria aliyekuja kutoka Lubumbashi kwa kesi zake. Mke wake alikuwa wa ukoo wa Mama, kwa hiyo akaanza kumwita Baba shemeki na akasema atafanya kazi yote bure. Baba aliogopa bure kuliko bei. Na kweli, kabla jua halijazama, jamaa wote wa mbali wa Mama walijua kwamba kuna nyumba inagawanywa.

“Papa,” Mama akamuuliza, “unatafuta notere ao unatafuta yatima?”

Alipatikana, tena wote wawili katika mtu mmoja. Notere mpya wa serikali, mwenye kazi ya kuandika na kuthibitisha hati, alikuwa ameletwa na kazi kutoka jimbo la mbali la Ekwatere, kijana wa abakosi, ile suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi sana, na Kiswahili alikuwa bado anajifunza. Safari hii Baba aliuliza kwa makusudi. Aliuliza mama, akauliza bibi, akauliza mito yote ya kwao. Hakupata kitu. Uso wake ukang'aa kama siku ya mshahara.

“Hauna muntu hapa? Hata shemeki?”

“Hata mumoja, papa. Siku ya Mungu ninakula peke yangu.”

Baba akasema hiyo ni habari njema kabisa. Mimi niliona ni habari ya kusikitisha.

Kijana aliijua kazi yake. Aliuliza mambo ambayo wale wengine hawakufika kuyauliza: hati ya kiwanja, idadi ya watoto, kitabu cha ndoa. Baba akatoa cheti cha kanisa.

“Hii ni ya Mungu,” notere akasema. “Ya serikali iko wapi?”

Haikuwapo. Mbele ya serikali, baada ya kuzaliwa sisi watoto wote, Mama alikuwa mpangaji tu. Ikabidi kabla ya wosia ifungwe ndoa, na wazazi wangu wakaozeshwa upya katika ofisi ya utawala ya zoni, mbele ya ofisa wa kuandika ndoa na vizazi. Mama alivaa kikwembe kipya. Alipoulizwa kama anamkubali mwanamume huyu, alijibu, “Nikimukatala sasa, nani atamupikia?” Ofisa alicheka mpaka akafuta machozi. Notere naye alikuja kushuhudia, akasimama karibu yangu.

Baada ya hapo palikuwa na karatasi za kupeleka kwake. Ningeweza kuzipeleka zote mara moja. Nilizipeleka moja moja, na kila moja nikaipigia gauni pasi.

Siku ya kutia sahihi tulikwenda sote. Baba alikuwa amenunua kalamu mpya. Notere hakuketi. Alilifunga faili letu, akaweka mkono juu yake.

“Papa, testama hii sitaiandika.”

Baba akajishika kiuno. “Umekuta undugu.”

“Hapana, papa. Njo ninautafuta.”

Baba akamtazama Mama, Mama akanitazama mimi, na mimi nikaitazama mashine ya kuandikia.

Kwanza Baba alikasirika. Mji mzima, alisema, amepata mtu mmoja tu asiye ndugu yake, na huyo naye anataka kujiharibu. Kisha akajaribu kupatana naye. “Leo hauko mukwe bado. Andika leo. Kesho ulete bazee.”

Niliona ni ushauri mzuri sana, na moyoni nilimwomba akubali. Akatikisa kichwa.

“Siku moja batoto ya dada yako watauliza nani aliandika. Wakisikia ni mukwe, mama atatoka inje. Mimi njo nitakuwa nimemutoa.”

Akatueleza kwamba sheria inamruhusu pia ofisa wa ndoa kupokea wosia, yule yule aliyewaozesha. Njiani nililia kwa hasira, kwa sababu niliona amemkatalia Baba saa ile ile ya kuniomba. Mama alicheka.

“Muntu mwenye anaogopea nyumba yangu kuliko sisi wenyewe, nitamukatala namna gani?”

Kwa ofisa wa ndoa Mama aliweka sharti moja: Baba asiulize kitu. Baba alikaa mikono ikiwa imebanwa kati ya magoti. Ofisa, mtu mchangamfu, alisema, “Papa, sura yako ninaijua, bibi yako si ni ule wa—” na Mama akakohoa mpaka muhuri ukaruka mezani. Baba alitia sahihi akiwa ameuma midomo. Sijamwona akiteseka vile tena.

Alifariki miaka kadhaa baadaye, nikiwa nimekwisha kuolewa na notere. Shangazi alikuja na wanawe, na yule mkubwa alikuwa na kufuli mpya mfukoni. Niliiona ilivyoivuta suruali yake. Wosia uliposomwa uani, hakungoja hata mwisho.

“Nani aliandika?” akauliza, macho yake kwa mume wangu, aliyekuwa ameketi na wageni nyuma kabisa.

Msomaji akataja jina la ofisa na majina ya mashahidi. Binamu akataka yasomwe tena. Yakasomwa tena. Hapakuwa na mtu wetu hata mmoja. Akatia mkono mfukoni, akauacha humo humo.

Mama akainuka, akaingia jikoni kwake kumpikia shangazi yangu, ambaye alikuwa hajala tangu asubuhi. Nilimpenda mume wangu siku ile kuliko siku aliyoniomba. Na nilimlilia Baba upya, kwa sababu ofisa alikuwa pale pale amekuja kutupa pole, na sasa, wosia ukiwa umekwisha kusimama, Baba angeweza kumuuliza bila hofu bibi yake alizikwa wapi.