Kondo Anafumania Jumamosi

Sauti ya Jovina waliijua Temeke nzima, sura yake hakuna aliyeijua. Alikaa mbele kwenye kirikuu, kigari cha mizigo chenye spika mbili juu, akitangaza taarabu ya Ijumaa Tandika, singeli ya Jumamosi Mbagala, tamasha la kwaya Jumapili, na katikati ya hayo yote sumu ya panya, kwa utamu uleule. Kuna watu walinunua sumu wakidhani wamekata tiketi, alisema dereva wake Khalfani, ambaye hakuwa na heshima kwa kitu chochote isipokuwa injini.

"Msikoseee!" Ndivyo Jovina alivyomaliza kila tangazo. Yeye mwenyewe aliyakosa yote. Onyesho lilipoanza, alikuwa mtaa mwingine akitangaza la kesho.

Alichokitaka, tangu alipokuwa msichana huko Masasi akiigiza Bikira Maria kwenye mchezo wa Krismasi parokiani (alimwangusha Mtoto Yesu, lakini hayo tuyaache), ni kusimama watu wakamtazama. Kwa hiyo Lusungu, kiongozi wa kikundi cha maigizo, alipomwambia kwamba mwigizaji wake wa mama mkwe amekimbilia tamthilia za runinga huko Tegeta, Jovina alimshika shati.

"Nipe mie."

"Dada Jovina, mara ya mwisho tulicheza mbele ya watu sita, na nusu yao walikuwa wamekimbia mvua. Nijazie ukumbi Kiwalani Jumamosi, nafasi ni yako. Usipojaa, kikundi navunja, nakwenda kukaanga chipsi."

Sasa, Jovina alikuwa na mbinu yake ya kazi: neno igizo halitajwi. Ukisema igizo, watu wanakumbuka semina ya vyandarua na kufunga madirisha. Unatangaza kilichomo ndani yake kana kwamba ni habari. Na ndani ya igizo hili kulikuwa na dereva wa bajaji aitwaye Kondo, anayerudi nyumbani mapema na kumkuta mkewe na mtu.

Wiki nzima Kiwalani ikasikia: "Jumamosi hii, saa kumi jioni, Kondo anamfumania mke wake! Laivu! Mama yake mzazi atakuwepo! Njoo na jirani yako, msikoseee!" Jina la ukumbi alilitaja mwishoni. Lakini Kiwalani iko chini ya njia ya ndege, na ndege ikipita hata wanaotukanana husubiri kwanza.

Jumamosi ilipofika, ukumbini kulikuwa na viti vya plastiki vya kukodi, Lusungu ndani ya koti la Kondo, na mbuzi aliyefuata kivuli. Jovina alikuwa amejifunga khanga mbili na kujichora mikunjo usoni kwa wanja, juu ya ile aliyokuwa nayo tayari. Saa kumi ikapita. Khalfani akaingia akihema.

"Watu wapo, dada. Wamejaa hadi barabarani. Ila si hapa."

"Wako wapi?"

"Kwa Kondo."

"Kondo gani?"

"Kondo wa bucha. Umemtangaza wiki nzima, unaniuliza mie?"

Walikimbia wote, wanja ukimtiririka Jovina hadi shingoni. Uani kwa Kondo palikuwa kama harusini. Wengine wamekuja na vigoda vyao, mmoja anauza karanga, simu ziko juu. Barazani, juu ya mkeka, alikaa Raudha, mke wa Kondo, akichambua mchicha.

"Mumeo yuko wapi, shoga?" mtu akamuuliza.

"Ndani. Toka Jumatano hajafungua bucha, ananilinda. Na mie nimeoga, nimevaa, nasubiri nifumaniwe. Mwanamume mwenyewe sijaletewa. Gari halikusema kama nimtafute mwenyewe."

Umati ukaangua kicheko. Lusungu, aliyeona watu wengi kuliko aliowahi kuwaota, akasogea.

"Shikamoo, mama. Sie ni waigizaji."

"Marahaba. Ndio nyie mlionipa hawara kwa spika? Haya, igizeni. Watu wametoka makwao."

Lusungu akamsukuma Jovina mbele. Jovina akavuta pumzi, akatoa maneno ya kwanza ya mama mkwe: "Kondo, mwanangu! Toka nje uione aibu hiiii!"

Mtu mmoja akasema, "Jamani, si yule mama wa panya!"

"Kumbe mfupi hivi!"

"Mama, ya kunguni ipo?"

Walicheka hadi ukuta wa jirani ukaota vichwa. Kwa hiyo ndivyo kulivyo kutazamwa, Jovina akawaza: unavuliwa nguo na watu wanaotaka sumu ya kunguni. Akageuka aondoke.

Mlango ukafunguka. Kondo wa bucha alitoka na singlendi, macho mekundu, tochi mkononi. Mama yake alikuwa amekufa siku nyingi, lakini mtu akiitwa mwanangu kwa ukali ule huitika kabla ya kufikiri.

"Naam, mama," alisema. "Nimemulika hadi mvunguni. Hakuna mtu. Na gari linasema yupo."

Katika igizo, hapa mama mkwe alitakiwa amlaani mkwewe kisha azimie. Lusungu alikuwa ameshanyoosha mikono amdake. Jovina akamtazama yule mtu mzima na tochi yake. Sauti iliyomtoka haikuwa ya kutangaza kitu. Hata yeye hakuwa ameisikia miaka mingi.

"Mwanangu, gari lilisema uongo. Mkeo hana kosa. Muombe radhi."

Kondo akapiga goti palepale vumbini, mbele ya mkewe.

"Nisamehe, Mama Salma."

Raudha akamwacha kwanza gotini. Alitaka walioko nyuma waone vizuri.

"Nimesikia," alisema hatimaye. "Kesho unafungua bucha, na maini ya kwanza ni yangu."

Makofi yalipigwa hadi barabarani. "Hukuzimia!" Lusungu akanong'ona kwa uchungu.

Raudha akasogea mkekani. "Na wewe mkwe, usisimame kama mgeni. Umeniharibia wiki, njoo unisaidie."

Jovina akaketi, akachukua fungu la mchicha. Igizo halikuwepo tena. Lusungu alikuwa ameshavua koti. Lakini umati haukuondoka. Walikaa wakimtazama akitenga majani na mabua, taratibu, mpaka ungo ukajaa.