Daktari wa Mashine ya Uongo

Daktari wa mashine ya kupimia uongo, mgeni katika mahakama ya Kwale, alikuwa na mikono mipole. Kila ukanda aliupasha moto viganjani kabla ya kumfunga mtu, kisha akamsalimu kwa sauti ya chini. Mama Mwanarusi alimtazama akimfunga mwanawe Matano, aliyetuhumiwa kuiba zulia la msikiti.

“Habari za nyumbani?”

“Njema, alhamdulillahi.”

Kalamu za mashine zikaruka, ishara ya uongo. Mwanarusi akadakia, “Bwana daktari, nyumbani hatulali kwa aibu! Lakini nani ajibuye salamu kwa kilio?”

Daktari akacheka mpaka miwani ikamteleza puani, akabadilisha karatasi.

“Zulia uliliiba?”

“Sikuliiba.”

Kalamu zikapita taratibu. Daktari akamgeukia kwanza mama, si hakimu. “Mwanao mkweli.” Vigelegele vya mama vikasikika hadi sokoni.