Mitungi ya Bi Somoe

Habari hii siipendi, na ningeweza ningewaachia wengine waisimulie (wapo, Ilala imejaa watu waliokuwepo siku ile), lakini wao huwa wanaishia pale nilipoanguka matopeni na jembe mkononi mbele ya mtaa mzima, wanacheka, wanagongeana mikono, basi. Nanyi chekeni mkifika hapo, sikatazi, ila mkimaliza kucheka mnivumilie nimalizie, maana sehemu iliyobaki ndiyo yenye aibu yenyewe, na mpaka leo nikiikumbuka masikio yanapata moto.

Ilikuwa ile miaka ya foleni. Sukari foleni, sabuni foleni, unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, foleni, na juu ya hayo ukaja msako wa walanguzi, kila mtu anamwangalia jirani yake kaficha nini chini ya kitanda, na watu wakawa wanatupa mali zao wenyewe kwa hofu tu (nilimjua mmoja aliyetumbukiza katoni nzima ya sabuni chooni, halafu akaoga maji matupu mwezi mzima). Mvua nazo zikagoma. Bomba la mtaani kwetu likifunguliwa linakohoa, linatema kutu, linanyamaza.

Mimi nilikuwa na miaka thelathini na kidogo, nafanya kazi karakana moja ya magari kule Gerezani, na nyuma ya nyumba niliyopanga nilikuwa na bustani ya mchicha, bamia na nyanya iliyonipatia jina la Bwana Shamba. Sijasomea kilimo hata siku moja, lilikuwa jina la utani tu, lakini nililipokea kwa mikono miwili na nikatembea nalo kifua mbele, nikishauri watu ambao hawakuniomba ushauri. Kiangazi kile hakikujali jina. Mchicha ukasinyaa, bamia zikakauka zingali changa, na nyanya zangu zikabaki vijiti na kamba nilizozifungia.

Sasa Bi Somoe. Huyu alikuwa mwenzangu katika mambo ya mboga, tulijuana sokoni Kariakoo kwenye fungu la mbegu za bamia, mimi najichotea tu kama nachota mchele, yeye akanipiga kikofi cha mkono, "Mwanangu, mbegu haichotwi, inachaguliwa," akanichagulia moja moja pale pale mpaka muuzaji akanuna. Tangu hapo tukawa tunapeana mbegu. Alikuwa mama wa makamo kutoka Newala, mjane, mumewe alikuwa kuli bandarini mpaka umauti ulipomkuta, mtoto hakujaliwa, na alikaa chumba kimoja katika nyumba ya kupanga mitaa miwili kutoka kwangu. Mwenye nyumba alimruhusu apande mboga uani, na mboga hizo alizipanga mafungu barazani asubuhi, ndizo zilizomlisha, ndizo zilizomweka mjini. Aliwahi kuniambia wazi, "Athumani, siku bustani hii ikifa, mimi huku sina changu tena. Narudi kwa kaka yangu, nikakae chini ya mkewe." Alivyolitamka hilo neno mkewe, nilielewa kwamba huko hakukaliki.

Basi Ijumaa moja nikitoka kazini nikapitia kwake kumjulia hali (uongo huo, nilikwenda kuona kama na yeye imemkaukia, nipate wa kulia naye). Nikapita ukumbini, nikatokea uani, nikasimama nimeduwaa. Kijani kitupu! Nyanya zimening'inia, kunde zimetambaa mpaka ukutani, bamia, mbaazi, mlonge pembeni, na ardhi yote imefunikwa makumbi ya nazi na majani makavu hata udongo huuoni, wala hakuna ndoo, wala hakuna tone la maji lililomwagwa popote.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mbona umeganda kama umeona jini?"

Nikajikaza, nikaweka mikono nyuma kama mkaguzi, nikasema, "Naona umejitahidi."

Akacheka. "Kwetu Newala maji tunayafuata bondeni, unashuka alfajiri, unapanda jua limeshawaka, ndoo moja kichwani. Aliyekulia kule hana maji ya kumwaga juu ya udongo. Wewe uliza tu unachotaka, nitakuonyesha."

Wenzangu, mtu mwingine yeyote akiambiwa hivyo si angeuliza? Neno moja tu, unafanyaje. Lakini Bwana Shamba aulize? Nikasema, "Aa, haya mambo nayajua."

Akanitazama kidogo, akasema haya, akaingia ndani kunichemshia chai ya mchaichai. Huku nyuma mimi nikaanza upelelezi. Nikapenya katikati ya nyanya, mguu ukagonga kitu, nikasikia kina uwazi ndani yake, nikafukua makumbi, nikakuta gunia, nikainua gunia, nikakuta mfuniko wa udongo umekaa juu ya shingo ya mtungi, na mtungi wenyewe wote umezikwa ardhini. Nikapapasa kwingine, mwingine. Ilikuwa minne. Nikawa nainama kufunua mfuniko, nikasikia kandambili zake zinakuja, nikarudisha gunia na makumbi upesi nikasimama natazama mawingu ambayo hayakuwepo. Chai nikanywa, kumuuliza sikumuuliza. Nilipoaga akanichumia fungu la majani ya kunde, "Mpelekee mkeo," na pesa akakataa.

Ni lile fungu lililoniponza. Jioni hiyo nikapita kwenye benchi la muuza kahawa, na jirani yangu Mashaka, aliyekuwa amekaa pale, akaliona mkononi, akapaza sauti, "Bwana Shamba! Siku hizi unakwenda kuomba mboga kwa bibi wa Newala?" Benchi zima likaangua kicheko, mwingine akasema labda nimpe bibi hilo jina la Bwana Shamba, na mimi nikasikia jasho. Nikakaa, nikachukua kikombe, nikasema polepole kama mtu mwenye mengi, "Kila mtu na siri yake. Muulizeni ile mitungi minne aliyoizika uani na kuifunika magunia ina nini." Nikakonyeza.

Kicheko kikakatika. Niwe mkweli kwenu, sikuamini kwamba ni sukari, wala sikuamini kwamba si sukari, sikuwaza lolote. Nilitaka tu waache kunicheka mimi.

Kesho yake saa nne nikiwa karakana Gerezani nikasimuliwa habari yangu mwenyewe na dereva nisiyemjua, eti Ilala kuna bibi kafukia sukari. Ilipofika saa sita ikawa sukari, mafuta ya kula na vitenge. Nikaendelea kufunga spring za lori, nikanyamaza, ingawa muda wa kukimbia kwenda kusema jamani nilitania ulikuwepo wa kutosha.

Jumamosi tunatoka mchana. Nilipokata kona nikaona watu wamejaa mlangoni kwa Bi Somoe, nikageuka nirudi nilikotoka, lakini Mashaka akaniwahi, "Shahidi huyu hapa! Mpisheni Bwana Shamba!" Nikapishwa, nikasukumwa mpaka uani. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Kondo, alikuwa amesimama na mgambo wawili, anafuta jasho, na Bi Somoe kasimama mlangoni kwake amejitanda khanga, anatazama watu wanavyozikanyaga kunde.

"Ndugu Athumani," akasema Mzee Kondo, "umeiona mitungi au hukuiona?"

"Niliiona, lakini..."

"Ina nini?"

Bi Somoe akajibu badala yangu, "Maji, ndugu balozi. Nimewaambia tangu mmeingia. Fungueni mifuniko muone, msichimbe."

"Maji!" mtu akadakia kutoka ukutani. "Nani anazika maji?" Wakacheka. Mgambo mmoja akafunua mfuniko, akaingiza kidole, akakitazama, akasema kweli ni maji. Hapo ingekwisha, Mzee Kondo alikwisha geuka aondoke, lakini sauti nyingine ikasema, "Juu maji, chini je? Si ndivyo wanavyoficha?" na jembe likapitishwa mkono kwa mkono kutoka nyuma, likaishia kwangu. Kwa nini kwangu? Kwa sababu mimi ndiye niliyesema.

Bi Somoe akasema, "Athumani, usichimbe, itavunjika." Hakupaza sauti. Alinisemesha kama tulivyokuwa tunasemeshana siku zote.

Nikikataa nitakuwa nimekiri mbele ya wote kwamba nilisema uongo. Nikachimba.

Pigo la tatu likaingia ubavuni mwa mtungi. Maji yakabubujika yote kwa pamoja, udongo ukageuka uji, miguu ikanitoka, nikakaa chini pwaa katikati ya nyanya, jembe mapajani, na nyanya moja ikapasuka chini ya makalio yangu kwa mlio uliosikika na kila mtu. Hapa ndipo mtaa ulipocheka mpaka wengine wakashikilia ukuta. (Chekeni, chekeni.) Na katika kicheko hicho wale mgambo wakachukua jembe wakavunja wa pili, wakavunja wa tatu, na wa nne, kila mmoja wakitazama chini yake, na kila mmoja ulikuwa na maji, na chini ya maji udongo.

Mimi nilikuwa bado nimekaa pale matopeni, kigae kimoja kimeniangukia mkononi, nikakigeuza. Upande wa nje kilikuwa kimevikwa mizizi, myembamba, myeupe, mingi, imeushika mtungi pande zote. Ndipo nikaelewa. Maji yalikuwa yanapenya udongo wa mtungi kidogo kidogo, na mizizi inayafuata pale pale yanapotokea, hakuna tone linalopotea. Ndoo mbili kwa wiki zinatosha uani kote. Nikaelewa lote kwa dakika moja, mimi mwenye kujua haya mambo, jembe likiwa limekwisha fanya kazi yake.

Kicheko kikafa chenyewe. Watu wakaanza kutoka mmoja mmoja bila kuagana, Mashaka akiwa wa kwanza. Mzee Kondo akavua kofia, akasema, "Utusamehe, dada," akatoka na mgambo wake. Nikabaki mimi. Bi Somoe akaingia ndani, nikadhani amekwenda kujifungia, akarudi na kopo la maji yake ya kunywa.

"Nawa miguu," akasema. "Usitoke hivyo barabarani, watu watakucheka."

Nilinawa, wenzangu. Nililia nikinawa, na sikuwa na hata akili ya kukataa yale maji.

Mboga zilikauka ndani ya wiki mbili. Nilibeba ndoo kutoka bomba la karakana kila jioni, nikamwagia maji, jua likayanywa yote. Nikamnunulia mtungi mpya Kariakoo, akaujaza, akasubiri, akaupapasa ubavu kwa kiganja, mkavu. "Umechomwa sana huu, mwanangu, hautoi jasho. Ile yangu aliifinyanga dada yangu, na dada hayupo." Hata hivyo alinifundisha, bila mimi kuuliza, jinsi ya kuchagua mtungi, jinsi ya kuuzika, umbali wa kupanda mche. Nikamwambia ukweli kwamba ni mimi niliyeanzisha maneno kule kwenye kahawa. Akasema, "Najua. Nilijua ulipoingia na watu." Mwenye nyumba hakutaka tena mgambo mlangoni kwake, akautaka ua wake, na mwisho wa mwezi nikambebea Bi Somoe mzigo wake mpaka kwenye basi la kusini. Alinipa mkono. Hakuniambia nimtembelee.

Baada ya miaka kadhaa nikakutana na mtu wa Newala aliyekuja kununua vipuri Gerezani, nikamuuliza. Akasema yule mama alifariki kwa kaka yake, na kwamba siku zake za mwisho alikuwa akimwomba wifi yake kipande kidogo tu cha uani apande kunde, na wifi akikataa, anasema atamchafulia mahali pa kuanikia.

Kwangu leo nina mitungi sita ardhini, na mgeni akisifu kijani cha bustani yangu namsimulia yote haya, pamoja na pale ninapojichukia. Benchi la kahawa nilikwisha lihama. Na nikiingia bustani ya mtu nauliza, hata ninachokijua nauliza, halafu nanyamaza mpaka amalize kunijibu.