Mkuki Wangu na Ndama wa Jirani

Nianze na kosa langu, kabla mama hajalitia chumvi: nilimrushia ndama wa watu mkuki. Mkuki wenyewe ulikuwa mwanzi wa kuinulia kamba ya nguo, na ndama sikumlenga. Ila mtoto wa mkulima hapa Kilosa, mwanzi wako ukitua kwenye kundi la mfugaji, nani atakuuliza ulilenga nini? Mwaka jana tu ng'ombe waliingia kwenye mahindi ya watu, fimbo zikatembea.

Chanzo ni televisheni ya mjomba, kule Mikumi. Likizo nzima nilitazama mashindano ya riadha ya dunia. Wengine wanapenda mbio. Mimi nilinaswa na mrusha mkuki mmoja, dada mwembamba, wala hana misuli ya kutisha. Walipoirudia picha yake polepole ndipo nikaiona siri yake. Anakimbia, anapishanisha miguu kama anakwepa matope, mguu wa kushoto unagota chini, halafu kiuno, bega, kiwiko, kila kimoja kinamkabidhi mwenzake ile nguvu. Mkono unakuja mwisho kabisa, kama mgeni rasmi. Mkuki unaondoka hata hautetemeki.

"Hii naiweza," nikamwambia mjomba.

"Wewe? Hata chai inakushinda kuchemsha."

Siku ya pili baada ya kurudi Kilosa, nikajaribu nyuma ya nyumba. Nililenga mgomba. Mwanzi ukapinda hewani, ukavuka ua, na ng'ombe ndio kwanza walikuwa wanatoka malishoni. Nikasikia ndama analia.

Jirani yetu mfugaji alikuja mwenyewe, na vijana wake wawili, mwanzi mkononi. Mama akatoka jikoni, akauona mwanzi wake wa kamba ya nguo.

"Shikamoo," nikasema. Sauti ilitoka kama ya kifaranga.

Hakuitikia. Hapo nikajua nimekwisha. Mzee huyu hata akiwa na homa, marahaba yake hukosi.

"Mama, kijana wako amemchoma ndama wangu. Nani kamtuma?"

"Hajatumwa, mzee wangu. Ni upumbavu wake mwenyewe."

"Ni mchezo wa kwenye tivii," nikadakia. "Nililenga mgomba."

Mzee akautazama mgomba. Akautazama ua. Ni pande mbili ambazo hata hazisalimiani. Akanirudishia mwanzi.

"Rusha tena. Mgomba ule ule."

Nikamkumbuka yule dada. Nikakimbia, nikapishanisha miguu, mguu wa kushoto ukagota vizuri kabisa, ndani ya ndoo ya maji. Mwanzi ukapanda juu wima, ukashuka nyuma yangu, vijana wake wakatawanyika kila mmoja na njia yake. Kuku nao wakaanza kelele.

Halafu vijana wakaangua kicheko hadi wakashikana. Mzee akajiziba mdomo kwa shuka.

"Huyu," akasema, "hata ukimtuma hafiki." Akanigeukia. "Marahaba, kijana."

Ndama alikuwa na mchubuko tu pajani. Mama akawapa maji ya vuguvugu yenye chumvi wakamsafishe, wakaagana vizuri, wakimwambia asubuhi akachukue maziwa kwao kama kawaida. Mimi nikakaa pale pale kwenye matope ya maji niliyoyamwaga, nikicheka peke yangu kama chizi.

Mama akaiokota ndoo, akasema, "Alhamdulillahi. Wenzangu wanawaombea watoto wao kipaji. Wewe ungekuwa nacho, leo tungelala polisi."